Filamu za bajeti ndogo za wanyama wauaji: uanze na ipi?

Katika misitu ya Clayton, jimbo la Georgia nchini Marekani, dubu mmoja aitwaye Teddy alikuwa akirushiwa peremende laini na kuzidaka kwa kinywa. Alipozoea mchezo, mrushaji alishika moja mkononi asiiachie. Teddy akanyoosha shingo, akapanua kinywa, meno yote nje, akingoja chake. Kamera ikachukua. Ngurumo ilibandikwa baadaye na mafundi wa sauti. Hivyo ndivyo lilivyopatikana lile dubu linalorarua watu katika Grizzly, filamu ya mwaka 1976 iliyotengenezwa kwa dola 750,000 na kuingiza karibu dola milioni 39.

Naanza na Teddy kwa sababu kila nikiulizwa filamu ipi ya wanyama wauaji ni nzuri, narudisha swali: unataka mnyama wa namna gani? Siulizi papa au mamba. Nauliza mnyama aliyepatikanaje. Mwenye bajeti ndogo anaweza kupunguza waigizaji, akapiga picha mahali pamoja, akamaliza kazi kwa wiki tatu. Mnyama hawezi kumkwepa, maana ndiye aliyewekwa kwenye bango. Hapo ndipo ufukara wa filamu unapojitokeza, na hapohapo ndipo akili ya mwongozaji inapopimwa. Wapo waliokwenda kumpiga picha mnyama mwenyewe. Wapo waliomficha. Wapo waliomshona kwa mpira na manyoya, na siku hizi wengi humchora kwa kompyuta. Ukishajua njia iliyotumika, umejua nusu ya utakachokihisi ukizima taa.

Nimeziweka mbilimbili, mara moja tatu, zile ambazo watu huzichanganya au hushindwa kuamua watazame ipi kwanza. Miisho sitaigusa.

Papa hai: Open Water na The Reef

Open Water (2003) ni kazi ya mume na mke, Chris Kentis na Laura Lau, ambao wenyewe ni wapiga mbizi. Waliipiga wikendi na siku za mapumziko, kwa kamera za video za kidijitali, kwa takriban dola 120,000. Wapenzi wawili wako likizo, wanazama na kundi la watalii, wakiibuka boti imekwisha ondoka. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Papa unaowaona ni papa hai wa maji ya Bahamas; wataalamu waliwatupia vipande vya samaki ili wasogee, na waigizaji Blanchard Ryan na Daniel Travis walikuwa ndani ya maji yaleyale, wamevaa kinga ya pete ndogo za chuma zilizosukwa pamoja chini ya nguo zao za kupigia mbizi. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2004, kampuni ya filamu ya Lionsgate iliinunua kwa dola milioni 2.5, na majumba ya sinema duniani yakaingiza karibu dola milioni 55.

The Reef (2010) ni ya Andrew Traucki wa Australia. Boti ya matanga inagonga mwamba na kupinduka. Mmoja anabaki amekaa juu ya boti iliyolala kifudifudi, wanne wanaamua kuogelea kuelekea nchi kavu wasiyoiona. Papa mweupe wa humu naye ni hai, ila hakuogelea na waigizaji: alipigwa picha kwake, wao wakapigwa kwao, kisha picha zikaunganishwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba jicho halikamati mshono.

Zote mbili zimetokana na mikasa ya kweli ya baharini, na zote mbili zimejua kwamba papa hai hahitaji kusaidiwa kutisha. Zinapotengana ni kwenye kile kinachokuogopesha. Katika Open Water papa ni mgeni asiye na haraka. Anapita, anapotea, anarudi na wenzake. Kinachouma zaidi ni kule kusahauliwa: mfanyakazi wa boti amehesabu vichwa vibaya, hesabu imekamilika kwenye karatasi, watu wamegeuza kurudi bandarini, na huku nyuma wawili wanagombana ni nani aliyependekeza likizo hii. Ugomvi ule wengine huuona mrefu. Mimi nauona ndio uti wa mgongo wa filamu, kwa sababu watu waliokwama huongea hivyo hasa, upuuzi mtupu mpaka pale wanaponyamaza.

Kisha inakuja dhoruba ya usiku. Kioo kinakuwa cheusi kabisa, si giza la sinema lenye mwanga wa buluu. Cheusi kama kimezimwa. Unasikia pumzi na maji. Umeme wa radi unamulika kwa nusu sekunde: vichwa viwili, na mapezi. Cheusi tena. Unangoja radi nyingine huku hutaki ije. Waliokuwa na mamilioni hawajawahi kunifanyia hivyo, na mbinu yenyewe haikuhitaji zaidi ya kuzima taa.

The Reef ina chake pia. Mmoja wa waogeleaji ana miwani ya kuzamia, na kila mara anainamisha uso chini ya maji kuangalia. Buluu tupu. Anageuka kushoto, buluu. Anageuka nyuma, buluu, na mbali kabisa kitu ambacho hujui kama ni kivuli au ni macho yako yamechoka. Anainua kichwa, wenzake wanamuuliza ameona nini. Ule uso wake kabla hajajibu umebeba filamu nzima.

Mtu akiniambia hana subira na picha zenye mchanga na mikono inayotetemeka, nampa The Reef bila kusita: picha safi, hadithi inasonga, papa yuko karibu zaidi na anashambulia kwelikweli. Mwenye kutaka kitu kitakachomfuata hadi kesho yake, aanze na Open Water, akijua kwamba robo ya mwanzo ni ya polepole, kuna tukio la utupu, na kwa macho itafanana na video ya harusi ya mtu. Kutazama zote mbili usiku mmoja sikushauri. Ya pili itaonekana marudio, na si haki yake.

Mamba wawili wa mwaka mmoja: Black Water na Rogue

Rogue si ya bajeti ndogo. Ilitumia zaidi ya dola milioni 20 za Australia, ina Radha Mitchell na Sam Worthington, ina mandhari ya Northern Territory, kaskazini mwa Australia, iliyopigwa kutoka angani, na mamba wa kompyuta aliyechorwa kwa ustadi. Nimeiweka hapa kwa sababu ilitoka mwaka 2007, mwaka uleule wa Black Water, nchi ileile, mnyama yuleyule, yaani mamba wa maji ya chumvi. Ni nadra kupata mizani iliyokaa sawa namna hii ya kupimia fedha hununua nini hasa.

Black Water ya Andrew Traucki (ndiyo, huyuhuyu wa The Reef, hii ndiyo aliyoanza nayo) na David Nerlich ilitengenezwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Dada wawili na mwenzi wa mmoja wao wanakodi boti na mwenyeji wa kuwapeleka kuvua kwenye mikoko. Mamba anaipindua boti, mwenyeji anakufa, na watatu waliobaki wanapanda mkoko. Kuanzia hapo tuko juu ya mti. Boti imelala kifudifudi hatua chache tu kutoka kwenye shina, na maji ni ya tope, huoni hata urefu wa kidole kwenda chini.

Sasa fikiria wewe ni mwongozaji na huna fedha za mamba wa mitambo. Traucki na Nerlich walipiga picha mamba hai, kisha wakawaweka kwenye fremu moja na waigizaji kwa njia ya kompyuta, bila kuchora mnyama mpya. Kuna faida moja katika hilo ambayo bajeti ya Rogue haikuweza kuinunua: mamba hai haigizi. Hakunji uso, hangurumi kila anapotokea, harukiruki kama aliyefundishwa. Mtu anateremka kwenye shina, anatumbukiza mguu, anasubiri. Hakuna hata kiputo. Anaanza kuamini. Halafu, bila muziki wa kukutayarisha, pale palipokuwa maji matupu pana kichwa. Macho mawili na pua. Kimetulia tuli, kinamtazama. Kinazama tena bila kuacha hata duara juu ya maji, na sasa kila mtu juu ya mti anajua yupo na hajui yuko wapi. Nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba najua kichwa kitatokea upande gani, na bado navuta miguu juu ya kiti.

Mkasa wenyewe ulichochewa na tukio la mwaka 2003 katika mto Finniss, ambapo vijana wawili walikesha juu ya mti huku mamba aliyemuua mwenzao akizunguka chini yao. Labda ndiyo maana filamu haina shujaa. Wanapanga, wanakosea, wanakaa kimya saa nzima, kiu inawashika wakiwa wamezungukwa na maji.

Rogue inatoa vingine. Watalii wengi ndani ya boti moja, kila mmoja na tabia yake, wanakwama kwenye kisiwa kidogo cha tope huku maji yakijaa na kisiwa kikizidi kuwa chembamba. Inaenda mbio, ina mapambano ya uso kwa uso na mnyama mkubwa anayeonekana kuanzia pua hadi mkia. Ukiwa na watu sebuleni wanaotaka kupiga kelele pamoja, Rogue ndiyo. Ukiwa peke yako, na simu umeiweka mbali, ni Black Water, na kama ningelazimishwa kubaki na filamu moja tu kati ya zote ninazozitaja hapa, ningebaki na hiyo. Onyo dogo: wanaochoshwa na mahali pamoja watasema haina matukio. Tusibishane nao, wawashiwe Rogue.

Watoto wa Jaws: Grizzly, Piranha na Alligator

Jaws ya mwaka 1975 ndiyo mama wa kundi hili. Papa wake wa mitambo aligoma kufanya kazi kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha, na ule uhaba ukaifanya filamu itishe. Ilipovunja rekodi za mauzo, kila mtayarishaji mwenye kamera alitafuta mnyama wake.

Grizzly ya William Girdler iliwahi mapema, na haikujisumbua kuficha ilikotoka. Badala ya ufukwe, hifadhi ya msitu. Badala ya meya anayekataa kufunga ufukwe, mkuu wa hifadhi anayekataa kufunga kambi. Wanaume watatu wanatoka kumwinda. Teddy ni mnyama wa kuvutia kweli, na kila anapoonekana mzima unakaa sawa kwenye kiti. Tatizo ni katikati: tunaonyeshwa miguu yenye manyoya, mkono wa bandia unaoingia kwenye fremu, na kupumua kwingi nyuma ya majani. Ni filamu ya mchana wa mapumziko, ina misitu mizuri iliyopigwa vizuri, na stelingi wake Christopher George anajituma. Ila ukishaijua Jaws, utakuwa hatua moja mbele yake muda wote.

Piranha (1978) ilifanya jambo lililohitaji ujasiri zaidi. Joe Dante aliongoza, John Sayles akaandika, na Roger Corman, mfalme wa filamu za bei nafuu, akatoa fedha ambazo hazikufika dola milioni moja. Samaki ni vikaragosi vya mpira vilivyochomekwa kwenye vijiti. Usisikitike, maana Dante alilijua hilo kuliko sisi: hakuwapa samaki wake zaidi ya kufumba na kufumbua. Mguu, povu, kundi la vivuli, maji mekundu, ameshakata picha. Macho yako yanakamilisha kazi ambayo mpira haukuiweza. Na Sayles aliwapa samaki hao sababu ya kuwepo: jeshi liliwakuza ili wakawekwe kwenye mito ya Vietnam, vita vikaisha, samaki wakabaki. Kampuni ya Universal, wenye Jaws, walifikiria kwenda mahakamani kuizuia kwa sababu Jaws 2 ilikuwa inatoka mwaka huohuo. Spielberg aliitazama, akaipenda, jambo likaisha. Nawatahadharisha wazazi hapa: kambi ya watoto inashambuliwa, na kuna utupu.

Halafu kuna Alligator (1980), iliyoandikwa na Sayles huyohuyo na kuongozwa na Lewis Teague. Kitoto cha aligeta, jamii ya mamba, kinatupwa chooni na baba aliyekasirika. Kinakulia kwenye mifereji ya maji machafu, kikila mizoga ya mbwa waliofanyiwa majaribio ya homoni za ukuaji. Miaka kumi na miwili baadaye barabara inapasuka, anatoka. Kwa picha za mbali walitumia aligeta mdogo hai anayetembea kwenye mitaa ya mfano iliyojengwa kwa kimo chake, na kwa picha za karibu walitengeneza mnyama mkubwa. Mshono unauona, sitadanganya. Lakini angalia anakopita: anaanza chini kabisa, kwenye maji machafu ya mji, anapanda mitaa ya watu wa kawaida, hadi kwenye karamu ya harusi katika jumba la mwenye kiwanda ambacho ndicho kilichotupa ile mizoga. Mnyama anapanda ngazi za mji moja moja hadi kwa aliyemtengeneza. Robert Forster, akiigiza polisi aliyewahi kupoteza mwenzake kazini, anaongea kwa upole wa mtu aliyechoka, na unamwamini kila neno. Kati ya hizi tatu, hii ndiyo yangu. Ipo sehemu ya mtoto kwenye bwawa la kuogelea ambayo filamu kubwa isingethubutu. Wenye watoto wadogo waitazame kwanza peke yao.

Kwa ufupi wa anayetaka kuchagua haraka: Grizzly kwa ajili ya dubu hai, Piranha kwa kasi na ucheshi mkali, Alligator kwa hadithi.

Vidogo vingi: Kingdom of the Spiders na Squirm

Hapa hofu haitokani na ukubwa. Kingdom of the Spiders (1977) ina William Shatner akiwa daktari wa mifugo, mji mdogo wa Arizona, na tarantula hai, wale buibui wakubwa wenye manyoya, wapatao 5,000. Dawa za kuulia wadudu zimewamalizia chakula, nao wamegeukia mifugo, kisha watu. Tarantula ni mnyama mwoga, hupenda kukimbia mtu kuliko kumwendea, na wakiwekwa pamoja hulana. Kuwaelekeza mbele ya kamera ilikuwa kazi ya siku nzima. Ukiona wamemfunika Shatner mwili mzima, ni wao kweli, na ni yeye kweli. Ila sipendi kulinyamazia jambo moja: wengi wao walikufa wakati wa kupiga picha, na vifo hivyo vinaonekana kwenye filamu, magari yakiwapita juu. Mtu anayeumia kuona mnyama akiteswa aipite tu hii.

Squirm (1976) ya Jeff Lieberman inahusu minyoo. Dhoruba imeangusha nyaya za umeme kwenye udongo uliolowa huko Georgia, na shoti inawafurusha minyoo kutoka ardhini. Msingi wake si wa kubuni kabisa, kwani umeme kwenye udongo mbichi huwatoa minyoo juu. Ina uvivu mwingi mwanzoni, halafu kuna picha za karibu za vinywa vya minyoo ya baharini, vyenye meno, ambazo huwezi kuzisahau hata ukitaka. Kingdom ni filamu bora zaidi kwa jumla. Squirm ina dakika tano bora zaidi.

Asili ikichukia: Long Weekend na Day of the Animals

Girdler wa Grizzly alirudi mwaka 1977 na Day of the Animals: tabaka la ozoni limeharibika, miale ya jua imewatia wazimu wanyama wote wa milimani, na kundi la wapanda milima linashambuliwa na tai, mbwa, simba wa milimani na dubu. Ina wanyama hai wengi, ina Leslie Nielsen kabla hajawa mchekeshaji, akiwa mtu wa kuogofya kuliko dubu. Inaeleza kila kitu waziwazi, na ikishaeleza haina tena pa kukupeleka.

Long Weekend (1978), ya Colin Eggleston wa Australia na mwandishi Everett De Roche, haielezi chochote. Mume na mke ambao ndoa yao imefika ukingoni wanakwenda kupiga kambi ufukweni. Njiani wanamgonga kangaruu. Wanatupa takataka, mume anakata miti bila sababu, anafyatua bunduki baharini. Anampiga nguva. Usiku kuna kilio cha mtoto kinachotoka majini, na hatuambiwi ni nani. Asubuhi mzoga wa yule nguva uko ufukweni. Kesho yake umesogea. Hakuna aliyeuona ukisogea, hakuna tone la muziki wa kutisha linalokuambia uogope, ni mzoga tu, na uko karibu na hema kuliko jana. Mnyama muuaji wa filamu hii hakugharimu karibu chochote, kwa kuwa muda mwingi amelala mchangani amekufa.

Huihesabu filamu hii kuwa ya wanyama wauaji? Wengi hawaihesabu. Mimi naiweka mara tu baada ya Black Water. Lakini usimpe mtu anayetaka damu, atakurudishia kabla ya nusu saa.

Wale wa manyoya ya kubandika

Nazipitia haraka mbili. The Killer Shrews (1959) ina virukanjia (vijinyama vinavyofanana na panya) waliokuwa wakubwa na wanaozingira nyumba kisiwani, na virukanjia hao ni mbwa waliovishwa ngozi na meno ya bandia. Wakikimbia, unaona mbwa wenye furaha. Lakini sauti za kukwaruza ukuta usiku zinafanya kazi, na ni fupi, haizidi sana saa moja. Night of the Lepus (1972) ilikuwa na fedha zaidi na kampuni kubwa ya MGM nyuma yake, ikamweka Janet Leigh mbele ya sungura wakubwa waliopigwa picha polepole kwenye nyumba za mfano. Sungura akipigwa picha polepole bado ni sungura. Chagua virukanjia.

Zilizoharibika: Sharknado na Birdemic

Watu huzitaja hizi kwa pumzi moja kama filamu mbaya zinazofurahisha, na hapo ndipo naona tunakosea. Sharknado (2013), iliyotengenezwa na kampuni ya The Asylum na kurushwa na kituo cha Syfy, ilijua inachofanya tangu jina lake. Kimbunga kinazoa papa baharini na kuwamwaga mjini Los Angeles, Ian Ziering anawakabili kwa msumeno wa injini. Papa wa kompyuta ni wabovu, na walioitengeneza hawakuona haja ya kuwa bora. Inakwenda mbio, haikuachi ukae, na ukiwa na marafiki chumba kizima kitacheka mara kumi. Ukiwa peke yako, dakika ya arobaini utaanza kuangalia saa, kwa kuwa hakuna aliyejaribu kukuogopesha hata mara moja.

Birdemic: Shock and Terror ya James Nguyen ni kitu kingine kabisa. Nguyen alikuwa muuza programu za kompyuta, akaitengeneza kwa karibu dola 10,000, akiamini kabisa kwamba anatoa onyo zito kuhusu joto la dunia. Karibu nusu nzima ni mapenzi, mikutano ya biashara na safari ndefu za gari. Kisha tai wanatokea, wamebandikwa juu ya picha, wananing'inia hewani wakipiga mabawa mahali pamoja, na watu wanajitetea kwa vining'inizo vya nguo. Sauti inakatika kila picha inapobadilika. Kama filamu, imeshindwa karibu kila mahali. Lakini nikiitazama naona mtu aliyetaka jambo kwa moyo wake wote, na hilo Sharknado haina. Mwenye wageni aweke Sharknado. Anayependa kujua sinema hutengenezwaje atajifunza zaidi kwa Birdemic: ukiona mkato umekosewa, ndipo unapoelewa kwamba Dante, kwa vijiti vyake na mpira wake, alikuwa fundi wa kiwango gani.

Kuhusu zenye namba mbele

Ukishapenda moja utakutana na mwendelezo wake, kwa hiyo chukua tahadhari hizi. Open Water 2: Adrift (2006) haina papa kabisa, ni watu walioruka kutoka kwenye boti ya kifahari wakasahau kuteremsha ngazi, na ilibandikwa jina lile ili iuzike. Piranha ya pili ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na James Cameron, na sababu ya kuitazama ni hiyo pekee. Ile ya mwaka 2010 ya Alexandre Aja ina fedha nyingi na damu nyingi zaidi, usiichanganye na ya Dante unapoitafuta kwa jina, angalia mwaka. Grizzly II ilipigwa picha mwaka 1983 nchini Hungaria, ikakwama, ikaja kutolewa 2020. George Clooney, Laura Dern na Charlie Sheen wako kwenye bango, lakini ndani ya filamu wanauawa mapema mno, na dubu mwenyewe haonekani sana. Traucki naye alirudi kwa mamba mwaka 2020 na Black Water: Abyss, safari hii ndani ya pango lililofurika. Hiyo inatazamika, ila itazame baada ya ile ya mkoko.